Kaka, Mwachie Maiki Amalize Mwenyewe

Kaka,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti kuhusu ndoa ya binti yetu nimeupata na nimeusikiliza mpaka mwisho. Moyo wangu umefurahi. Mtoto niliyembeba mgongoni mimi, nikimwimbia alale ili wifi apate kupumua, leo anaolewa! Tutakuja wote, inshallah. Ila pale mwishoni, uliposhusha sauti ukasema, "mwanao naye aje, lakini safari hii tusimsumbue kuongea," niliiweka simu chini, nikashindwa hata kukujibu.

Ningeweza kukupigia. Nimeamua kukuandikia hapa panaposomwa na watu, kwa sababu lile neno la kwanza, kuhusu kigugumizi cha mwanangu, nalo ulilisema mbele ya watu.

Wifi ananiambia umeshalisahau, kwamba ulikuwa utani wa shughuli na mimi ndiye ninayelifuga. Basi nikukumbushe.

Ni shughuli ya mdogo wetu, wakati wa utambulisho. Wewe ndiye uliyesimama badala ya baba, na ilikupasa, nani mwingine angesimama? Ukawaita wapwa zako mmoja mmoja, kila mtu ataje jina lake na neno la kumpongeza bibi harusi. Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amejifunza mbele ya kabati la kioo mpaka dada yake akayashika yale maneno kwa kichwa. Jina lake unalijua, ni la baba. Akashika maiki. Sauti ya kwanza ikatoka, iliyofuata ikagoma. Akafumba macho, shingo ikamkaza, mguu wa kulia ukaanza kupiga sakafu.

Ukumbi ulikuwa kimya, Kaka. Hili ndilo ninalotaka ulikumbuke kuliko yote. Watu walikuwa wanamsubiri. Hakuna aliyekuwa amecheka. Wewe ukamchukulia maiki mkononi ukasema, "Jamani, huyu injini yake ya dizeli, lazima ipashwe moto kwanza!" Hapo ndipo ukumbi ulipoangua kicheko. Ukalitamka jina la baba wewe mwenyewe, vizuri kabisa, ukamtilia noti ya elfu kumi mfukoni, ukamgeuza kwa bega arudi akakae.

Mtoto hakulia. Alinitafuta kwa macho kule kwenye meza za wanawake ili ajue kwa uso wangu kama lile lilikuwa jambo la kucheka.

Mnasema niliharibu siku ya mdogo wetu kwa sababu nilimshika mkono nikatoka naye kabla ya keki. Mmelisema kwenye grupu la familia, mkalisema arobaini ya shangazi, na mdogo wetu mwenyewe alininunia muda mrefu. Mimi nasema ningetoka tena. Ningeketi pale nikatabasamu na kupiga makofi, mwanangu angejifunza kwamba mama yake naye yumo kwenye kile kicheko. Watu wa nje atakutana nao maisha yake yote. Kama maneno yao ni ya kubeba au ya kuachia njiani, atalijua hilo kwa kututazama sisi nyusoni.

Wewe unalijua hilo kuliko mimi, maana umeliishi. Nani alikuwa akiongozana na baba dukani? Baba akikwama kwenye "misumari" mguu ukaanza kupiga chini, wewe mwenye miaka saba unamalizia, "Anataka misumari ya inchi tatu." Nani aliyerudi nyumbani Ngamiani na jino limevunjika kwa kupigana na mtoto wa jirani aliyekuwa akimwiga baba? Mama alikuosha damu huku analia, baba akakaa kwenye benchi lake la useremala asiseme neno. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilikuona ukimtazama baba, na nilimwona naye akitazama randa yake. Tangu siku ile nadhani uliapa kwamba hakuna atakayewahi kutucheka kabla yako. Ukumbini uliogopa. Uliwahi kucheka wewe ili wao wakicheka kiwe kicheko chako. Nimelifikiria sana hili na ndiyo maana bado nakupenda. Lakini aliyelilipia ni mtoto.

Unataka kujua alilipa nini? Darasani, mwalimu alipokuwa akiita majina, aliacha kuitika "nipo." Alikuwa ameketi pale pale kwenye dawati lake, akakubali kuandikwa mtoro, kuliko kulitoa lile neno mbele ya watu. Nikaitwa shule kuulizwa mtoto anashinda wapi. Nikimtuma sukari dukani anarudi na chumvi kwa kuwa siku hiyo neno "sukari" lilikuwa linamgomea, halafu ananiambia kwa kichwa kwamba sukari imekwisha. Wenzake walimwita "CD iliyokwama," na wewe unadhani walilitoa wapi wazo la kumfananisha na mashine? Binamu zake walikuwepo ukumbini, na wanasoma shule ile ile.

Uliponipigia baadaye ulinipa ushauri. Ulisema tunamdekeza, dunia haitamsubiri, samaki mkunje angali mbichi. Shangazi, Mungu amrehemu, alitaka akatwe kimeo. Mwingine akasema nilimtekenya mno akiwa mchanga, mwingine akawakataza wanawe kucheza naye wasije wakaambukizwa. Nilikataa yote nikaitwa mjuaji. Kimeo kiko kooni hakina habari na kigugumizi, na mtoto anaweza kuvuja damu mpaka hali ikawa mbaya. Ndiyo, nilikataa, na nitaendelea kukataa.

Yule dada mtaalamu wa matamshi tuliyempata huko kwako Dar, baada ya kuulizia sana kwa sababu wataalamu wa namna hii kwetu ni wa kutafuta kwa tochi, alinieleza kwa utulivu ambao sikuuzoea. Kigugumizi mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, pale anapoanza kuunganisha maneno mengi. Katika watoto 100, kama 5 hukipitia. Wengi kinawaacha chenyewe, na katika watu wazima 100 hubaki nacho kama 1, wanaume wakiwa wengi zaidi. Kinahusu jinsi ubongo unavyoendesha usemi, na kinatembea katika damu ya ukoo. Akaniuliza, "Kwenu yuko nani?" Nikamtaja baba, na nikalia pale ofisini kwake, kwa sababu maisha yote tuliambiwa baba alikuwa hivyo kwa kuwa alitishwa na fisi utotoni.

Akanipa na kazi. Niende sokoni nijitie kigugumizi nione watu wanavyonitazama. Nilikwenda Mgandini, kwenye machungwa ya Muheza, nikakwama makusudi kwenye "bei." Muuzaji akatazama pembeni. Kijana wa karibu yake akanimalizia sentensi. Mama mmoja nyuma yangu akasema "maskini," kwa huruma ya kweli, na lile neno liliniuma kuliko kama angenicheka. Niliondoka na machungwa nisiyoyataka, jasho linanitoka, na mimi niliweza kuacha dakika yoyote niliyotaka. Nenda Kariakoo ukajaribu, Kaka. Jaribu kwa kulitaja jina lako, maana jina ndilo gumu kuliko yote. Neno jingine utalikwepa kwa kutafuta mwenzake, jina huna pa kulikimbizia.

Baada ya hapo tuliacha kujificha. Nyumbani neno "kigugumizi" tunalitaja kama tunavyotaja pumu ya dada yake. Jioni tulikuwa tunacheza. Dada yake anakuwa wale watoto wa shule, anamwita "CD," anamwiga, naye anatafuta la kujibu. Mwanzoni alitaka matusi, na mengine alikuwa nayo makali. Tukayapima moja moja: hili litamnyamazisha mwenzako, au litamfurahisha kwamba umekasirika? Mwisho akachagua mwenyewe: "Ndiyo, nina kigugumizi. Subiri, namaliza." Basi. Analisema akimtazama mtu usoni, hata akikwama katikati yake. Na alijifunza kuwatenganisha watu. Anayeuliza kwa kutojua anaelezwa. Anayekejeli anapewa sentensi moja na kuachwa. Anayerudia kila siku au anayetia mkono anapelekwa kwa mwalimu, na kusema kwa mwalimu si umbeya. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu nyumba yetu sisi tulifundishwa kunyamaza.

Mwalimu wake wa sasa ni mtu. Alimuuliza faragha, mbele yangu, "Unataka nikuite wa kwanza, nikuite katikati, au unyooshe mkono tu?" Hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza anataka nini. Akasema aitwe wa kwanza, ili asikae akihesabu majina na moyo unamdunda. Na mwaka jana, tarehe 22 Oktoba, siku ambayo tangu 1998 dunia inaiadhimisha kwa ajili ya watu wenye kigugumizi, alisimama mbele ya darasa akawaeleza. Haiambukizi. Si kwamba sijui ninachotaka kusema, najua. Nitazameni, msinimalizie, msiniambie "vuta pumzi." Wenzake wakamuuliza maswali ya kitoto mazuri: ukiota je, unakwama? Mbona kwenye kasida za maulidi hukwami? Akawaambia wakiimba pamoja kinamwachia, akiwa peke yake kinarudi, na hajifanyi. Yule aliyempa jina la "CD" ndiye aliyeuliza la kasida, na siku hizi wanarudi nyumbani pamoja.

Bado kuna siku mbaya. Sitaki mtu asome hapa adhani tumemaliza. Kuna siku anarudi, anavua viatu, anaingia chumbani, na sentensi yake yote aliyoijenga imevunjwa na mpita njia mmoja.

Ile video ya Biden uliyonitumia niliitazama. Uliandika chini yake, "Unaona? Akitaka ataweza." Kaka, mtoto anataka. Kila siku anataka. Biden mwenyewe amesimulia kwamba shuleni mtawa aliyekuwa akimfundisha alimwiga kigugumizi mbele ya darasa, naye mama yake akaenda shule kumkabili mtawa yule na kumwonya asirudie. Hicho ndicho nilichokiona mimi katika habari zake. Mama aliyekwenda hakuambiwa ameharibu shughuli. Na kigugumizi cha Biden hakikufutika. Kuna maneno yalimsumbua akiwa mtu mzima, na watu wakamdhihaki hadharani, akawa rais wa Marekani nacho.

Na wewe ni mtu wa msikitini, tena unasomesha. Nabii Musa alimwomba Mola amfungue fundo la ulimi watu wapate kumfahamu, kisha akaomba ndugu yake Haruni awe msaidizi wake. Mwanangu alikisikia kisa hiki madrasa, akarudi ananiuliza, "Mama, Haruni alikuwa anammalizia maneno?" Nikamwambia Haruni alisimama naye. Aliyemwona Musa duni kwa sababu ya kauli yake alikuwa Firauni. Sikukuita Firauni mbele ya mtoto na sikuiti sasa. Nilisomeshwa na mshahara wako. Daftari zangu za sekondari ulinijalidia wewe kwa karatasi za kaki usiku, umechoka, mikono inanuka grisi. Nakuita Haruni, na nakudai.

Nimemwambia mwanangu ulichosema, kwamba safari hii hatasumbuliwa. Alikaa kimya kidogo akasema anataka kusema. Jina lake, kwamba ni la babu, na kwamba anampongeza dada yake. Nilimwambia si lazima. Akasema anajua si lazima.

Basi fanya hivi. Zungumza na mshereheshaji kabla, mwambie mpwa wako ana kigugumizi na atachukua muda wake, asipige muziki kumfunika. Mpe maiki, kisha ondoa mkono wako. Usitazame chini wala usitazame watu kuona wanasemaje, mtazame yeye. Akikwama, subiri. Kama ni nusu dakika iwe nusu dakika. Akimaliza usimsifie kwa kumaliza. Mjibu alichokisema, mwambie ahsante mjomba, dada yako amesikia. Binamu zake kaa nao mapema, wewe mwenyewe, usimwachie wifi. Na kama utaona huwezi, kama bado yule mtoto wa miaka saba wa dukani anakusukuma kutoka ndani, mwachie mwenyekiti wa kamati kazi ya utambulisho, uketi na sisi. Sitakulaumu kwa hilo.

Tunapanda basi la Alhamisi asubuhi. Wifi anitumie kipimo cha kitambaa cha sare, na mwambie nakuja na viazi vitamu na nazi, asinunue. Ukishaisoma hii nipigie. Ukimtaka mpwa wako atakuwepo baada ya magharibi, akipokea yeye usiseme "nipe mama yako." Mwulize habari za shule, ungoje.

Mdogo wako.