Tulikwenda Kuhani, Tukafukuzwa Msibani

Streatham, London
22 Machi 2021

Kwako Da Zubeda,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo, Mama na goti lake, Shemeji, watoto, na wa nyumba ya pili. Mimi ni mzima, kazi inakwenda, baridi imeanza kulegea.

Poleni sana na msiba wa Rais Magufuli. Juzi na jana nimeshinda na simu mkononi nikitazama Dar, kina mama wanavyovua khanga zao na kuzitandika barabarani jeneza lipite juu yake. Nimelia peke yangu jikoni, mchuzi ukaungua. Na Ijumaa nilimwona Mama Samia akiapa na Msahafu. Huku ilikuwa asubuhi sana, zamu yangu haijaisha. Nikamwita bibi mmoja ninayemtunza, ana miaka 91, nikamwambia tazama, huyu ndiye rais wetu sasa, mwanamke, tena mtu wa pwani kama mimi. Akapiga makofi. Da Zubeda, siku ile hapakuwa na mfanyakazi aliyeingia zamu bila kuambiwa na mimi.

Hela nimetuma Jumamosi, pauni 180. Shemeji anayo namba ya kutolea. Za mabati ni 120. Zile 60 zilizobaki zisiguswe na mtu mpaka umalize kusoma barua hii.

Nimeandika kwa mkono na kurasa nimezipiga picha nikutumie wewe peke yako, kwa sababu nikipiga simu Mjomba Bakari huichukua, na kwenye grupu la ukoo siwezi kumjibu mtu mzima mbele ya watoto wake. Lakini alichoandika juu ya yule mwanamke aliyeuawa huku London kimenikaa kooni siku tisa. Umekisoma. "Mwanamke wa watu, saa tatu usiku, barabarani anatafuta nini?" Na mabinamu wakaweka vidole gumba. Hata Salim, ambaye kodi ya fremu yake ya simu inatoka wapi, unajua.

Basi nikueleze huyo mwanamke alikuwa anatafuta nini. Alikuwa anarudi kwake. Sarah Everard, miaka 33. Jumatano ya tarehe 3 alitoka kwa rafiki yake Clapham kama saa tatu usiku, anakwenda kwake Brixton, kwa miguu. Alipita barabara kubwa yenye taa. Alivaa koti la kijani linaloonekana. Njiani aliongea na mchumba wake kwa simu. Mara ya mwisho kamera kumwona akitembea peke yake ni barabara ya Poynders, kama saa tatu na nusu. Barabara hiyo naijua, basi langu hupita hapo. Karatasi zenye picha yake zilibandikwa kwenye kila nguzo, nikawa nazisoma dirishani nikienda kazini na nikirudi. Baada ya wiki wakamkuta msituni, Kent. Na aliyekamatwa na kushtakiwa kwa kumteka na kumuua ni askari polisi, wa kikosi kinacholinda wabunge na balozi. Kesi yake bado, siwezi kuisema zaidi.

Sasa Mjomba aseme. Mimi nikipangiwa mchana hutoka kazini saa tatu na nusu usiku. Miaka miwili nimetembea saa hiyo kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, funguo nimezichomoza katikati ya vidole. Saa hiyo ndiyo iliyojenga choo cha Mama. Saa hiyo ndiyo iliyolipa hospitali ya Mjomba mwenyewe mwaka juzi. Alipopokea hakuuliza nilikuwa natafuta nini barabarani.

Picha niliyotuma kwenye grupu niliipiga Clapham Common, Jumamosi ya tarehe 13. Mjomba anasema nilikwenda kupigana na polisi. Nilikwenda kuhani. Wanawake waliandaa mkesha wa mishumaa, wasimame pale karibu na alikopita, wamkumbuke, watawanyike. Polisi wakasema haramu, kwa ajili ya korona, na kila mwandaaji akatishwa faini ya pauni 10,000. Waandaaji wakaenda Mahakama Kuu Ijumaa, jaji hakuwapa walichotaka, wakaufuta mkesha. Lakini watu walikuja wenyewe. Tangu mchana walikuwa wanakuja, hata mke wa William, mjukuu wa Malkia, alipita akaweka maua. Anaweka, anainama, anaondoka, mwingine anakuja. Hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Mimi nilifika saa kumi na moja na nusu, nimetoka kulala maana zamu ya usiku ilinisubiri, pamoja na mwenzangu wa kazini, Mkenya wa Kisumu. Pana kibanda cha duara chenye paa, cha kupigia muziki, na kilikuwa kimezungukwa na maua mpaka ngazi hazionekani. Saa kumi na mbili juu ya alama watu wakanyamaza. Da Zubeda, mamia ya watu, huwezi kusikia hata kikohozi. Na jua la huku msimu huu linatua saa hiyohiyo. Simu yangu mfukoni ikaadhini magharibi.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikatia mkono haraka kuizima, na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa kando yangu, mtu mzima, kofia ya sufu, akanishika kifundo cha mkono akatikisa kichwa. Niiache. Nikaiacha, ikaadhini mpaka mwisho, na hakuna aliyegeuka kunitazama kwa ubaya. Machozi yake yalikuwa yanaingia kwenye barakoa.

Baadaye wasichana wakapanda kibandani kusema. Hawakuwa na kipaza sauti, kwa hiyo mmoja akisema sentensi walio karibu wanairudia ili wa nyuma wasikie. Kama nusu saa hivi. Ndipo polisi wenye makoti ya njano wakaanza kuingia katikati yetu, wakapanda kibandani, wakakizingira. Walisema watu wamesongamana, twende majumbani. Watu wakaanza kupiga kelele, "Aibu yenu! Aibu yenu!" na "Kamateni wenzenu!" Nimeona kwa macho yangu buti limesimama juu ya shada la maua, kadi bado imefungwa kwa utepe, mwenye buti anatazama mbele. Sikuona zaidi. Yule msichana mwenye nywele nyekundu aliyelazwa chini mikono mgongoni, mliyemwona hata huko kwenye habari, mimi nilimwona gazetini kesho yake kama ninyi. Wanne walikamatwa usiku ule.

Sikuona kwa sababu nilirudi nyuma. Hili nakwambia wewe tu. Mwenzangu alinivuta mkono tukae, nikamwambia siwezi, karatasi zangu za ukaazi bado miaka miwili. Nikapanda basi kwenda kazini, mshumaa niliokuwa nimeununua umo ndani ya mkoba, sijauwasha. Nikauwasha usiku ule dirishani kwa wazee, saa tatu na nusu, maana wengi waliwasha mlangoni mwao saa hiyo.

Na jambo moja sikulisema kwenye grupu. Nikiwa pale nilikuwa nahesabu nyuso za watu weusi. Mwezi wa sita mwaka jana dada wawili weusi, Bibaa Henry na Nicole Smallman, waliuawa kwenye bustani kule Wembley. Walipopotea, watu wao ndio walioingia bustanini kuwatafuta, na watu wao ndio waliowakuta. Halafu polisi wawili waliowekwa kulinda mahali pale wakakamatwa kwa tuhuma za kupiga picha maiti. Mama yao ni mchungaji, nilimsikia akisema watoto wake hawakutafutwa kama watoto wa wengine. Nilisimama Clapham nikamlilia Sarah kwa moyo wangu wote, na hapohapo nikawaza, mimi nisingefika nyumbani, nani angebandika karatasi nguzoni? Yote mawili yalikuwa ndani yangu kwa pamoja.

Huku kumekuwa hakulaliki. Jumapili ya tarehe 14 watu walijaa mbele ya makao makuu ya polisi, wakaenda hadi uwanja wa Bunge, wengine wakalala chini. Mkuu wa polisi wa London, Cressida Dick, ni mwanamke, wa kwanza kushika cheo hicho, na wanamtaka ajiuzulu, amekataa. Meya Sadiq Khan amesema maelezo aliyopewa hayakumridhisha. Waziri wa Mambo ya Ndani, Priti Patel, naye mwanamke, na wazazi wake walitokea Uganda, ameagiza uchunguzi. Na wiki hiyohiyo Bunge likaletewa muswada wa kuwaongezea polisi nguvu juu ya maandamano, na ndani yake kuharibu sanamu au kumbukumbu kunaweza kukufunga hadi miaka 10. Wanawake wanauliza sanamu ina thamani gani kuwapita wao. Kuna mjumbe mmoja wa Baraza la Malodi, lile baraza la juu la Bunge la huku, mama, aliyesema basi wanaume ndio wafungiwe ndani kuanzia saa kumi na mbili jioni. Wanaume walikasirika siku tatu. Sisi tumeambiwa hivyo tangu tuvunje ungo, na hakuna gazeti lililoandika.

Si wote wanaotuunga mkono. Kazini kwangu wapo wanaosema sheria ni sheria, sisi wenyewe hatukuruhusiwa kuzika watu wetu, nyie mnakusanyika kwa mtu msiyemjua. Neno hilo ni zito, sikulipuuza. Mwaka huu nimefunga macho ya wazee ambao watoto wao walikuwa wamesimama nje ya dirisha. Tuliache hilo. Lakini ndiyo maana nasema, korona mimi naijua kuliko polisi yeyote aliyekuwa pale. Watu walikuwa nje, wamevaa barakoa, wanatawanyika wenyewe. Ungewapa saa moja wangekwenda kwao. Kwetu hata mdai hamkamati mdeni matangani. Anasimama mlangoni, anangoja dua iishe. Hawa walitufukuza msibani, na mtuhumiwa wa mauaji ni mtu wao.

Sasa nije kwa Rukia, na hizo pauni 60. Mama amenidokeza kwamba Mjomba amemtoa tuisheni ya jioni kule barabara ya 12 kwa sababu inaisha saa kumi na mbili na nusu, na "hata Ulaya wanauawa". Yaani amechukua kifo cha mtoto wa watu akakifanya kufuli. Da Zubeda, Rukia yuko kidato cha tatu na hesabu anaziweza. Wewe ulitolewa shule kwa maneno hayahaya, na aliyeyasema alikuwa babu, na Mama alinyamaza. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyolikunja gauni la shule ukaliweka chini ya godoro. Usinyamaze kwa Rukia.

Zungumza na yule kijana wa bajaji wa jirani, mtoto wa Bi Mwanjaa, awe anamsubiri mlangoni pa tuisheni na kumleta mpaka nyumbani Makorora. Wachukue wasichana wawili watatu wa mtaani pamoja, hela inatosha mpaka mwezi wa sita. Mjomba akiuliza, mwambie nimesema mimi. Na mwambie kwa heshima, yeye ni kaka wa mama yetu na bado nitamsaidia dawa za presha.

Nimesahau kukuambia, mwezi huu nimepandishwa. Sasa mimi ndiye msimamizi wa zamu ya usiku, nashika funguo za dawa za nyumba nzima, wazee 34. Mama mwambie hilo. Ukurasa wa polisi usimsomee, hatalala.

Ramadhani inakaribia na mwaka huu pia sitawahi. Nimekosa hata harufu ya uji wa pilipili manga. Nikipata mtu wa kuja nitaomba khanga moja, ile ya Mama ya zamani, si mpya.

Tuisheni ni Jumatatu na Jumatano. Rukia anitumie picha ya daftari la hesabu Jumatano usiku, tarehe nione ameiandika mwenyewe. Nitakuwa kazini, nitaifungua.

Ndimi mdogo wako,
Mwanaisha