Barua ya kufunga muhula: usalama wa chuo na suala la kufuli la bweni

Ofisi ya Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA MAANDALIZI YA DHARURA CHUONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula umekwisha salama, mitihani imefanyika, na ripoti ya kila mwanachuo imeambatanishwa na barua hii. Najua mzazi akipokea bahasha kutoka chuoni, jicho lake hutafuta kwanza mstari wa michango. Safari hii haupo. Kilichopo ni maelezo marefu kidogo kuhusu usalama, na naomba myasome yote kabla ya kunipigia simu, hasa nyinyi mlioomba kwenye kikao kwamba bweni la wasichana lifungwe kwa kufuli la nje ifikapo saa nne usiku.

Jibu langu ni hapana, na nitaeleza sababu.

Ombi lenyewe naelewa linakotoka. Vijana wa bodaboda wanapiga honi nje ya uzio hadi usiku, simu zinaibwa, na mzazi aliyemleta binti yake kujifunza ushonaji hataki aletewe habari nyingine kabla ya cheti. Lakini kufuli likishafungwa kwa nje, halijui kama anayegonga ni mtoro au ni mtu anayekimbia moto. Mwaka 1994 bweni la Sekondari ya Shauritanga, kule Rombo, liliungua na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Mwaka 2009 tulipoteza wasichana 12 Idodi, Iringa. Wenzetu wa Kenya walizika wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001. Huko mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024 wakazika tena watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri.

Wengi hudhani kwamba katika moto wa bweni mtu huuawa na ndimi za moto. Mara nyingi moshi ndio humuua kwanza. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na chumba hujaa ndani ya dakika chache. Umeme ukikatika, mtu anabaki anapapasa ukuta. Katika hali hiyo matroni aamke, atafute ufunguo, atafute tundu la kufuli gizani, na mikono yake inatetemeka. Hesabu hiyo haitoki. Binti akitoka usiku bila ruhusa, asubuhi nitampigia mzazi wake simu, tutakaa, tutaonyana. Akifia nyuma ya kufuli nililolifunga mimi, nitampigia mzazi wake nimwambie nini?

Kwa hiyo tumefanya hivi. Wanachuo wa useremala wamegeuza milango ya mabweni yote ifungukie nje, na kila mlango una komeo la ndani ambalo halihitaji ufunguo. Wanachuo wa uchomeleaji wamekata nondo za madirisha mawili katika kila bweni na kuzifunga bawaba, ili zifunguke kwa ndani kwa mkono mmoja. Mwalimu wao aliihesabu kazi hiyo kama sehemu ya mtihani wa vitendo, na nakiri imenipendeza kuona alama zikitolewa kwa kitu kitakachobaki chuoni. Matranka yameondolewa kwenye njia katikati ya vitanda. Matroni analala bwenini, na mlinzi anazunguka usiku kucha. Hao wawili ndio kufuli letu.

Umeme ni habari ndefu zaidi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, na majengo yetu mengi ni ya zama hizo, zama ambazo bweni lilihitaji balbu mbili tatu na basi. Leo kila mwanachuo ana simu, na soketi moja inabebeshwa eksitensheni, juu yake eksitensheni nyingine, halafu mtu anachomeka pasi. Waya unapata moto ndani ya ukuta bila mtu kuona. Tumebadilisha nyaya za mabweni na kuweka sakiti breka mpya, na simu sasa zinachajiwa katika chumba kimoja kilicho karibu na ofisi ya mlezi wa wanachuo. Kinachonishinda ni zile hita za koili za kuchemshia maji kwenye ndoo. Tunazikamata kila wiki, na wenye nazo husema wamenunuliwa nyumbani. Mzazi mwenzangu, usiinunue. Maji ya moto yapo jikoni asubuhi na jioni. Mishumaa nayo hairuhusiwi bwenini. Atakayetaka kusoma usiku aje na tochi au taa ya sola.

Jikoni na karakana nitapita haraka. Mitungi ya gesi ya kupikia imehamishiwa nje, ndani ya kibanda chenye matundu ya hewa chini, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Wapishi wamefundishwa kwamba wakisikia harufu ya gesi wafunge valvu na kufungua milango, wasiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Mitungi ya oksijeni na asetilini katika karakana inasimama wima imefungwa mnyororo, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa akiwa na mikono yenye grisi.

Askari wa Zimamoto na Uokoaji kutoka wilayani walikuja kutufundisha kutumia mitungi ya kuzimia moto: vuta pini, elekeza mpira kwenye kitako cha moto na si kwenye miali, bana, fagia kushoto na kulia. Walitukumbusha pia namba 114, ambayo haikati salio. Ila gari lao lipo makao makuu ya wilaya na barabara yetu wakati wa mvua mnaijua, kwa hiyo dakika za mwanzo ni zetu wenyewe.

Ndipo tukafanya zoezi la kujiokoa, bila kutangaza, saa tano asubuhi siku ya kazi. Ishara ni ile rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mwembe, ikigongwa mfululizo. Baadhi ya walimu walipendekeza king'ora cha umeme. Nilikikataa, kwa sababu rimu haijui mgao. Vijana wa ufundi magari walifika uwanja wa mpira wakicheka, lakini walifika. Tatizo lilionekana kwa mama zetu vijana, yaani wanachuo wanaosoma wakiwa na watoto wao hapa chuoni. Wao, badala ya kwenda uwanjani, walikimbilia kituo cha malezi ya watoto, wakajaza mlango ule ule ambao walezi wa kituo walitaka kuwatolea watoto. Sikuweza kumlaumu hata mmoja. Nani kati yetu angefanya vingine?

Tulikaa nao siku ile ile. Makubaliano ni kwamba mchana walezi wa kituo huwatoa watoto wote kwa mlango wa nyuma, wadogo kabisa wakibebwa mgongoni, na mama humkuta mtoto wake uwanjani chini ya bango la njano. Usiku mama hulala na mtoto wake katika vyumba vilivyo jirani kabisa na mlango. Tuliporudia zoezi, mama wawili bado walikwenda kituoni. Tutarudia muhula ujao.

Baada ya kila zoezi tunaita majina kwa daftari la mahudhurio, na hapo ndipo tunapowahitaji nyinyi. Namba za simu tulizo nazo nyingi hazipatikani. Jazeni fomu iliyo nyuma ya ripoti: namba mbili zinazofanya kazi, na hali ya afya ya mwanachuo. Kifafa, pumu, selimundu, mzio wa dawa, yaandikeni. Fomu inakaa kwa muuguzi na kwangu tu. Kijana akianguka karakanani mashine ikiwa inazunguka, muuguzi asianze kubahatisha.

Jambo dogo la nyumbani kwa likizo hii, kwa kuwa watoto watakuwa jikoni wakati wa sikukuu: mtu akiungua, kidonda kipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na unga wa ngano viacheni kabatini. Muuguzi wetu amechoka kuvikwangua.

Chuo kitafunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari. Wa bweni wafike kabla ya saa kumi na moja jioni, washushwe ndani ya geti baada ya dereva kuandikwa kwenye daftari la mlinzi. Matranka, hita na pasi vitakaguliwa getini. Mzazi ambaye bado anataka kufuli namkaribisha siku hiyo. Nitamfungulia bweni aingie, nifunge mlango, nizime taa, kisha atafute komeo mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Chuo