Wenye steshenari, kila mteja afunguliwe dirisha lake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye steshenari, hasa msimu huu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ambapo foleni inafika hadi barazani.

Duka langu lipo Morogoro, na nina kompyuta tatu za mtumba zinazotumia mfumo endeshi wa Linux Mint. Ili nisichape anwani ileile kutwa nzima, nilijiandikia amri fupi: nachapa neno moja kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, programu ndogo iitwayo xdg-open inaipokea anwani na kuipeleka kwenye kivinjari, ukurasa unafunguka. Imenipunguzia kazi sana.

Mwezi uliopita alikaa binti mmoja, nikachapa neno langu kama kawaida. Ukafunguka ukurasa wenye picha ya kijana aliyeondoka muda mfupi kabla yake. Namba yake ya simu, namba ya NIDA, jina la mama yake, vyote wazi. Binti akanigeukia: "Kaka, huyu si mimi." Nikafunga haraka, lakini alikwisha kuona. Angebonyeza tu kitufe cha chini, maombi ya mwenzake yangekwenda yakiwa nusu.

Mimi nilidhani kila amri inawasha kivinjari kipya. Sivyo. Kivinjari kikiwa tayari kimewashwa, amri inakikabidhi anwani hichohicho, nacho kinaongeza tabo kwenye dirisha lililopo. Vidakuzi (cookies) vya mteja aliyetangulia, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili imtambue mtu, bado vimo, kwa hiyo tovuti inaamini ni yeye amerudi. Kufunga tabo si kutoka kwenye akaunti, na wateja wengi hufunga tabo wakaenda zao.

Nikajaribu amri ya firefox --private-window, inayofungua dirisha la faragha la kivinjari cha Firefox. Inasaidia, ila madirisha ya faragha yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia vidakuzi vya pamoja. Ukisahau kufunga moja tu, mteja anayefuata anaingia kwa jina la mwenzake. Sasa natumia mstari huu:

firefox --new-instance --profile "$(mktemp -d)" 'anwani'

Kila mteja anapata folda mpya, tupu kabisa. Akimaliza nafunga dirisha na folda naifuta. Kuwaka kunachelewa kidogo kwenye mashine zangu hizi, na nimekubali kuchelewa.

Na zile alama za kunukuu kwenye anwani jamani msiziache. Anwani nyingi zina alama ya & katikati. Bila nukuu, terminali inahesabu amri imeishia hapo, kivinjari kinapewa nusu ya anwani. Mzee mmoja aliniletea linki aliyotumiwa na mwanawe kwa WhatsApp. Mara nne tunarudishwa ukurasa wa mwanzo, mzee anaanza kuamini mwanawe kamdanganya. Namba ya ombi ilikuwa baada ya & na haikuwa imefika kabisa. Nilipoweka nukuu, jina la mwanawe likatokea.

Yule kijana wa kwanza nilimpigia simu jioni ileile nikamweleza kilichotokea dukani kwangu. Alikuja asubuhi, nikamfungulia dirisha lake, akabadili nywila mimi nikiwa nimesimama nje.

Mwenye steshenari,
Morogoro