Tusiwacheke waliopoteza kazi kwa Concord

Mhariri,

Makala yenu kuhusu gemu ya Concord nimeisoma hadi mwisho, na najua wengi wameisoma wakicheka. Sishangai. Gemu ya Sony ya kupigana mtandaoni iliyotengenezwa kwa miaka, ikaingia sokoni tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, kisha ikazimwa tarehe 6 Septemba, ni habari tamu kwa mwandishi yeyote. Ila mwandishi wenu alimaliza wino kwenye aibu ya kampuni, na Firewalk Studios, studio ya Bellevue katika jimbo la Washington iliyofungwa kwa sababu ya gemu hiyo, akaiachia sentensi moja mkiani. Mimi riziki yangu naipata kwa kuandika programu, na sentensi ile ndiyo iliyonikera.

Tuanze na ile 697 aliyoirudia mara tatu, idadi kubwa kabisa ya watu waliowahi kuwamo kwenye gemu kwa wakati mmoja. Namba ni ya kweli, lakini ni ya Steam peke yake, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Idadi ya wachezaji wa PlayStation 5 Sony haikuitangaza. Bila shaka nao walikuwa wachache, ndiyo maana gemu ikazimwa.

Uchache huo unaua vipi, makala haikueleza. Concord ilikuwa ya kupigana watano kwa watano. Ukibonyeza kuanza, seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha gemu, inakutafutia wenzako tisa wa kiwango kama chako. Wakiwapo maelfu, unasubiri sekunde chache. Wakiwa mia chache dunia nzima, na nusu yao wamelala, unasubiri dakika kadhaa, halafu unapangwa na mtu anayekuzidi mno, anakumaliza kabla hujageuka. Unazima. Ukizima wewe, aliyebaki anasubiri zaidi. Ni daladala isiyojaa: abiria wa kwanza akishuka kwa kuchoka kusubiri, wa pili naye anaanza kuangalia saa. Dereva anaweza kuwa hodari kuliko wote pale stendi, na safari isiwepo.

Na gari lenyewe halikuwa bovu. Wahakiki wengi, hata walioiponda gemu, walikiri kwamba kulenga na kufyatua kulikuwa kutamu mkononi. Sura za wahusika hazikuwavutia watu, hilo nakubali, na ni kazi ya studio. Lakini dola 40? Overwatch 2, Valorant na Apex Legends, zote za kupigana kwa timu mtandaoni, kuingia ni bure. Mchukue kijana anayecheza Valorant bure na marafiki wanne, umwambie awashawishi watoe dola 200 kwa pamoja ili wahamie kwenye gemu wasiyoijua. Aliyechora mavazi ya wahusika hakupanga bei hiyo. Wala hakuipanga aliyekesha akirekebisha hitilafu.

Mwaka 2022 Sony iliwaambia wawekezaji kwamba kufikia Machi 2026 ingekuwa na gemu 12 za mtandaoni, zile zinazoongezwa vitu kila msimu ili mchezaji asiondoke. Novemba 2023 mpango ukapunguzwa hadi sita. Firewalk ilinunuliwa Aprili 2023, katikati ya mbio hizo. Mantiki ya kutoa nyingi inaeleweka: moja ikinasa, inafidia zilizozama. Na moja ilinasa. Helldivers 2, ya studio ya Arrowhead ya Sweden, iliuza nakala milioni 12 ndani ya wiki 12 mwaka huo huo wa Concord. Kwa hiyo waliopanga walijua mapema kwamba baadhi ya gemu hizo zingezama, na hasara ya fedha waliipigia hesabu. Nataka hesabu hiyo iwe na watu pia: muda wa notisi, kiinua mgongo na bima, viandikwe siku studio inaponunuliwa, wakati kila mtu anatabasamu kwenye picha.

Walionunua gemu walirudishiwa fedha zao zote. Hapo Sony ilifanya uungwana na nawapongeza. Upande wa wafanyakazi mambo ni magumu zaidi. Marekani bima ya afya ya wengi imefungamana na ajira. Mgeni mwenye visa ya kazi ya H-1B akiachishwa kazi ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kubadili visa, vinginevyo afungashe. Ndugu zetu walioko kwenye teknolojia huko wanaijua vizuri hofu hiyo. Kisha anapoomba kazi mpya anaonyesha nini? Aliyetengeneza gemu ya kawaida anamwambia mwajiri aiwashe aone. Wa Concord hana cha kuwasha. Seva zikizimwa, kazi ya miaka inabaki vipande vya video vilivyorekodiwa na watu wengine, vingi vikiwa vya kejeli.

(Sisi huku hata kicheko chetu ni cha mbali. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya PlayStation, ndiyo maana vijana wanafungua akaunti wakijifanya wakazi wa Afrika Kusini au Marekani. Kampuni inalia haina wachezaji, na wengine wanaingilia dirishani.)

Kuna watakaosema biashara ni biashara. Sawa, studio isiyoingiza kitu haiwezi kubebwa milele. Lakini Neon Koi, studio nyingine ya Sony iliyokuwa ikitengeneza gemu za simu, ilifungwa siku moja na Firewalk kabla haijatoa gemu hata moja. Hao soko halikupewa nafasi ya kuwakataa. Wafanyakazi wa gemu wenyewe wameanza kujipanga: wanaojaribu gemu kule ZeniMax, kampuni ya gemu iliyo chini ya Microsoft, waliunda chama chao cha wafanyakazi mwanzoni mwa 2023, na Machi 2025 kikaanzishwa kingine, United Videogame Workers, cha Marekani na Kanada. Mwandishi wenu angepata makala nzima hapo.

Mwisho, sahihisho. Makala ilisema studio ilifungwa gemu ilipozimwa. Sivyo. Gemu ilizimwa tarehe 6 Septemba, na tangazo la kuizima lilisema njia mbalimbali zingeangaliwa, zikiwamo za kuwafikia wachezaji vizuri zaidi. Barua ya Hermen Hulst, mkuu wa studio za PlayStation, ya kuifunga Firewalk ilitoka tarehe 29 Oktoba. Katikati ni wiki saba na ushee ambazo watu walikuwa bado wameajiriwa, gemu yao haipo hewani, na ahadi waliyokuwa nayo ni hiyo ya kuangalia njia.

Msomaji wenu,
Kijitonyama, Dar es Salaam