Jumamosi hii: vikao vya Watergate

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi saa 2 usiku tunaendelea na marais wa Marekani, na safari hii ni zamu ya Nixon. Nimechagua vikao vya Seneti vya mwaka 1973 vya kuchunguza kashfa ya Watergate (uvamizi wa ofisi za chama cha Democratic na jinsi Ikulu ilivyojaribu kuuficha) badala ya filamu ya maisha yake, kwa sababu humu hakuna msimulizi wa kukuelekeza ufikirie nini. Televisheni za ABC, CBS na NBC zilipokezana kuvirusha mchana, televisheni ya umma PBS ikavirudia usiku, hivyo hata aliyeshinda kazini aliviona.

Nawaomba sana msikose kipande cha Julai 16. Wakili wa kamati, Fred Thompson, anamuuliza Alexander Butterfield, aliyewahi kuwa msaidizi Ikulu, kama anajua habari za vifaa vya kunasa sauti ofisini kwa rais. Anasita kidogo, kisha anakubali. Mwangalieni usoni pale! Kanda za mazungumzo yaliyonaswa na vifaa hivyo ndizo zilizomng'oa Nixon madarakani Agosti 1974.

Mwenyekiti wa kamati, Seneta Sam Ervin, naye ni raha kumsikiliza, ananukuu Biblia na Katiba kwa pamoja.

Kiungo nitakiweka hapa saa 1 na nusu. Wenye bando dogo mniambie mapema, niwatumie sauti peke yake.