Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nauli, Muda na Hewa Ukaa

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha na uanachama yamo katika taarifa za Mhazini na Katibu, sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa suala lililotawala vikao vya kamati mwaka mzima: tuchague vipi njia ya kusafirisha mzigo, pale mteja anapotaka nauli nafuu na papo hapo anauliza shehena yake imezalisha hewa ukaa kiasi gani.

Imani yangu ni kwamba, mara nyingi, kinachoharibu vyote viwili ni haraka. Tani moja ikisafiri kilomita moja kwa ndege huzalisha zaidi ya gramu 500 za hewa ukaa. Kwa meli kubwa ya makontena, mara nyingi haifiki gramu 20. Na sote tunajua ni ipi yenye nauli ya kutisha. Mwanachama mmoja alituletea ankara zake za vipuri tukazipitia naye. Karibu kila shehena iliyopanda ndege ilikuwa na kisa kilekile: oda imekaa mezani ikisubiri sahihi, wiki zimekatika, ghala limebaki tupu, ndipo simu za kutafuta nafasi kwenye ndege zikaanza. Vipuri vile havikuwa vya dharura. Dharura ilizaliwa ofisini. Sasa ameweka siku ya mwisho ya kusaini oda, na sehemu kubwa ya mizigo yake imerudi melini.

Hata baharini muda una thamani yake. Nguvu ya injini ya meli hupanda kwa takriban kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo meli ikipunguza mwendo kwa 10%, mafuta ya safari hiyohiyo hupungua kwa karibu 19%. Siku zinazoongezeka si za bure, nakiri. Bidhaa iliyo njiani ni mtaji uliofungwa, na chakula kibichi hakingoji.

Barabarani naomba tusimame kidogo, maana hapo uamuzi uko mikononi mwetu. Chukua lori lenye tani 25 linalokula lita 35 kwa kilomita 100. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Kila tani imebeba gramu 38 hivi kwa kilomita. Lori hilo likirudi tupu, likila lita 25, gramu hizo zinapanda hadi karibu 65 kwa kila tani iliyofikishwa. Lita hizo 25 mmezilipia, na hazikubeba hata katoni moja. Ndiyo maana kamati imewasukuma wanachama kupeana taarifa za mizigo ya kurudi, ingawa baadhi yenu ni washindani. Walioanza wanaendelea; wengine bado wanahofia wateja wao kuchukuliwa, na hofu hiyo ina msingi. Tunahitaji kanuni ya kuwalinda.

Mgongano wa kweli upo kwenye reli. Treni huzalisha hewa ukaa kidogo sana kuliko lori, lakini mzigo hupakiwa na kupakuliwa mara mbili zaidi, na lori bado linahitajika kila mwisho wa safari. Kwa safari fupi, gharama hizo humeza nafuu yote. Hapo hakuna hesabu itakayotuokoa: lazima tuseme wazi tuko tayari kulipa kiasi gani ili kupunguza tani moja ya hewa ukaa. Kamati imejadili bei hiyo ya ndani na haijaafikiana.

Wengine tayari wametuwekea bei. Tangu Januari 2024, meli kubwa zinazotumia bandari za Umoja wa Ulaya zinagharamia hewa ukaa yake: 40% ya uzalishaji wa 2024, 70% ya 2025, kisha 100% kuanzia 2026. Kampuni za meli zinaihamishia gharama hiyo kwenye ankara zetu, kwa hiyo anayesema hewa ukaa si suala la fedha aangalie ankara zake upya.

Kamati inapendekeza kila mwanachama anapoomba bei adai pia kiasi cha hewa ukaa kilichokokotolewa kwa ISO 14083 ya mwaka 2023, yaani utaratibu wa kimataifa wa kukokotoa hewa ukaa ya usafirishaji, ili takwimu zilinganishike, na namba hizo mbili zikae kwenye ukurasa mmoja kabla ya sahihi. Pia tunaomba ridhaa ya kuandaa kanuni ya mizigo ya kurudi. Kura ya mapendekezo yote mawili itapigwa mara baada ya taarifa ya Mhazini.