Kabla hujasema mbolea ni feki, tuambie msimu uliopita ulipanda nini

Kila ikifika mwezi wa tano, lalamiko ni lile lile hapa kwenye duka letu la pembejeo Tengeru, Arusha, na siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, huja kwa sauti ya juu zaidi: "Mmeniuzia mbolea feki." Mahindi yako magotini, majani ya chini yana njano inayoanzia nchani na kushuka katikati ya jani mfano wa V, na mifuko miwili ya urea imeshaingia shambani.

Hiyo V ni njaa ya naitrojeni. Kwa hiyo mteja hajakosea kuona tatizo, amekosea kumtaja mwizi. Ukimuuliza alipanda nini msimu uliopita, ni mahindi. Na kabla ya hapo? Mahindi. Mabua yako wapi? Yalipakiwa kwenye pikapu yakapandishwa kwa wenye ng'ombe wa zizini. Udongo usiorudishiwa kitu unabaki na mboji kidogo, na urea iliyotupwa juu ya ardhi bila kufukiwa, hadi nusu inaweza kupotea hewani, nyingine mvua kubwa inaiteremsha chini ya mizizi. Ongeza mfuko wa tatu, utapoteza wa tatu. Kama jani linaungua pembeni, kwenye ukingo, hapo ni njaa ya potashi, na potashi nyingi ya mmea wa mahindi imo kwenye bua ulilouza. DAP (mbolea ya kupandia) na urea hazina potashi hata chembe.

Dawa yake ni kubadilisha mazao, lakini hapa ndipo watu wanapojidanganya. Mkulima wa nyanya anayekuja na mnyauko anasema, "Nilishabadilisha, nilitoa nyanya nikaweka hoho, kisha viazi mviringo." Nyanya, hoho, viazi, bilinganya, ngogwe na hata mnavu ni ukoo mmoja. Bakteria wa mnyauko na minyoo fundo wa mizizi wanaona umewaandalia chakula kile kile kwa sahani tofauti. Baada ya nyanya weka mahindi, kisha kitunguu au jamii ya kunde, ndipo urudi. Mwenye mahindi naye anahitaji walau msimu mmoja bila mahindi, hasa tangu ugonjwa wa kunyauka kwa mahindi unaosababishwa na virusi uingie nchini mwaka 2012.

Shamba ni dogo na ugali lazima upatikane? Basi changanya, ila kwa kamba. Kurusha maharage popote penye nafasi kati ya mistari ya sentimita 75 kunayaweka kivulini. Yanarefuka, yanatoa maua machache, halafu lawama inaangukia mbegu. Tunachopendekeza ni mistari miwili miwili: mahindi mistari miwili kwa umbali wa sentimita 50, kisha acha mita moja, kisha mingine miwili. Shimo hadi shimo sentimita 30, mche mmoja. Ukipiga hesabu, ekari bado inabeba mahindi kama 18,000, sawa na nafasi ya sentimita 75 kwa 30. Kwenye ile mita moja yanaingia maharage mistari miwili, sentimita 33 kutoka kila upande, mbegu moja kila sentimita 10. Kwa mbegu kubwa kama Lyamungu 90, andaa kilo 25 hivi kwa ekari.

Tuseme ukweli hata kama tunauza mbegu zake: maharage ni mvivu wa kutengeneza naitrojeni. Ngwara, ile kunde inayotambaa, na mbaazi huyazidi maharage kwa hilo. Mbaazi panda siku moja na mahindi, maana miezi miwili ya kwanza hukua polepole na haisumbui. Ngwara usithubutu kuipanda siku hiyo, subiri palizi ya kwanza, wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota, la sivyo itapanda juu ya mhindi na kuulaza. Soko nalo lina mambo yake: ngwara inavuka mpaka kwenda Kenya wanakoiita njahi, na waliotegemea mbaazi peke yake wanakumbuka India ilivyobana uagizaji mwaka 2017.

Maua yakianza, chimbua mche kwa jembe, usiung'oe kwa mkono kwa sababu vinundu vya mizizini, vinavyotengeneza naitrojeni, vitabaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, huenda umezidisha urea au fosforasi imepungua. Na wakati wa kuvuna, kata shina usawa wa ardhi. Anayeng'oa maharage na mizizi yake, akapiga nyumbani kisha akachoma mapepe, amehamishia rutuba jikoni.

Sasa bei. Ndiyo, mbegu yetu ya ngwara ni ghali kuliko ya gunia sokoni. Tunachambua kwa mkono, tunatoa iliyotobolewa na wadudu, na tunaotesha 100 kwenye gunia bichi kwa wiki moja. Zikiota chini ya 80, hazifungwi. Ya sokoni jaribu hivyo hivyo kabla ya kununua debe zima.

Ada ya kupima udongo na kupanga mzunguko ndiyo inayonung'unikiwa zaidi. Ukitaka kupunguza gharama, tuletee sampuli mwenyewe: pointi 10 hadi 15 kwa kupita zigizaga, kina cha sentimita 20, ndani ya ndoo ya plastiki, maana ya bati inaongeza zinki. Ruka kichuguu, njia, chini ya mti na palipolala samadi. Changanya, anika kivulini, leta nusu kilo, na karatasi yenye mazao ya misimu mitatu iliyopita. Bila hiyo karatasi tutakurudisha nyumbani, hata kama umetoka mbali kama Ngarenanyuki.